Kiti cha zamani: kurudishia henzirani au kupiga sponji? Nimefanya vyote viwili kwenye jozi moja

Nina viti viwili pacha vya msaji, vya mikono, vilivyotoka kwa bibi yangu Ngamiani, Tanga. Babu alivipata mnadani miaka ile baada ya 1971, serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha, Wahindi wengi wakawa wanafunga nyumba wanaondoka na vyombo vinauzwa, vitanda, makabati, viti, hadi vioo. Kikalio na egemeo vilikuwa vya henzirani, zile fito nyembamba za kusukia viti, ya kusuka kwa mkono, na juu yake bibi akaweka mito ya sufi aliyoshona mwenyewe. Alipofariki vikaja kwangu Dar vikiwa taabani, henzirani ya kimoja imetoboka katikati tundu la kupitisha kichwa cha mtoto, ya kingine haijatoboka ila imelegea imekuwa kama machela, miguu inacheza, mbao imepiga weusi.

Kile kilichotoboka nilikipeleka kwa fundi makochi, kikapigwa msasa, vanishi, sponji na reksini, ile ngozi ya bandia. Cha pili kilikaa stoo miaka mitatu ndo nikakirudisha Tanga kwa mzee mmoja anayesuka, kikasukwa upya na kupakwa shelaki, polishi ya zamani ya kuyeyushwa kwa spiriti. Saa hizi viko sebule moja, kimoja kulia kingine kushoto, vyote nimevikalia miaka kadhaa, na kwa vile vilitoka kwenye mkono wa seremala mmoja na mbao moja, tofauti yote unayoiona leo imeletwa na matengenezo tu.

Kwa mwenye haraka jibu langu ni hili. Kama fremu ya kiti chako ina vitundu vya kusukia na mbao bado nzima, suka. Kama nyumbani kuna watoto wanaoruka ruka au mzee anayehitaji kukaa juu na pawe laini, weka sponji, lakini iwe ya kuweka na kuondoa, isipigiliwe kwenye fremu. Yanayofuata ni kwa nini, na naomba uyasome kabla hujatoa hela ya kianzio maana kuna hatua humo ukishaifanya hairudi.

Kitu cha kwanza pindua kiti. Miguu juu, washa tochi ya simu, angalia chini ya kikalio. Ukiona vitundu vidogo vimejipanga kuzunguka fremu yote, kutoka kimoja hadi kingine kama upana wa kidole, sentimita moja na kidogo hivi, hicho kilisukwa kwa mkono, uzi mmoja mmoja. Ukikuta hamna vitundu ila juu kuna mfereji mwembamba umezunguka na ufito umekandamizwa ndani yake, hiyo ni henzirani ya kipande, imesukwa kwa mashine kama mkeka, ikalowekwa ikabanwa kwenye mfereji kwa gundi. Hii ya pili ni rahisi zaidi kubadilisha, unanunua kipande, fundi anang'oa ufito wa zamani, anasafisha mfereji, anabana kipya, siku moja mbili imeisha. Ukikuta mikanda ya gunia na springi basi hicho toka mwanzo kilikuwa kochi, habari yake nyingine, nitaifikia. Na ukikuta plaiwudi imepigiliwa misumari juu ya vitundu, kuna mtu ameshapita hapo kabla yako, itabidi uing'oe taratibu ujue vitundu vizima vimebaki vingapi.

Mzee wa Tanga alipopindua kile cha pili alipitisha kidole gumba kwenye ule mstari wa vitundu akaniambia, "Mwanangu, hivi havikuwekwa kwa urembo." Akanieleza kwamba fremu ya kusukiwa ni nyembamba makusudi, haina unene wa fremu ya kochi, na sehemu ya nguvu yake inatoka kwenye nyuzi zenyewe, zikishakaza zinavuta pande zote nne kwa pamoja. Ukipigilia misumari kwenye mbao iliyotobolewa mstari mzima unaipasua. Na ndo kilichotokea kwenye kiti changu cha kwanza. Fundi alikata plaiwudi akaipigilia juu ya vitundu, upande wa mbele ukafunguka ufa kutoka kitundu hadi kitundu, urefu wa kiganja. Hakuniambia. Akauziba kwa unga wa mbao na gundi, akafunika na reksini, nikaja kuuona miaka miwili baadaye reksini ilipochanika. Iliniuma, na mpaka leo nikikaa kwenye kile kiti nausikia ule ufa unalia kidogo.

Ila simlaumu kwa yote. Kazi ya makochi anaijua, na alichokifanya ndo wanachofanyiwa makochi kila siku. Mimi ndo nilimpelekea kitu ambacho sio kochi na sikumuuliza chochote zaidi ya bei.

Tuje kwenye mbao, maana hapa ndo tofauti inaonekana hata ukiwa mlangoni.

Cha kwanza kilipigwa msasa namba 80, tena kwa mashine. Msaji wa zamani una ile rangi ya asali nzito, inatokana na miaka ya mwanga na mikono ya watu na polishi, na iko juu juu tu, ngozi nyembamba, ikishasuguliwa ikatoka hakuna duka litakuuzia nyingine. Chini yake ikatoka mbao ya manjano kama imepasuliwa jana, ikabidi apake steni ya kahawia kuificha, juu yake vanishi mara tatu. Kwenye mikono kulikuwa na nakshi ndogo ya jani, kingo zake zikalainika zikawa kama sabuni iliyotumika nusu. Mwanzoni kiling'aa vibaya mno, kila aliyeingia alisifia, na mimi nilifurahi sana. Baada ya kama mwaka na nusu upande unaopigwa na jua la dirishani vanishi ikaanza kubanduka vipande vipande. Msaji una mafuta yake ndani, vanishi haishiki vizuri kama mbao haijafutwa kwa thina kwanza, alafu jua linakuja kumalizia.

Cha pili mzee hakugusa msasa kabisa. Alichukua pamba akaichovya kwenye spiriti, akaibandika nyuma ya mguu pasipoonekana, akaiacha kama nusu dakika. Alipoivuta ilinata, ikatoka na rangi ya chai ya rangi. Akasema hii shelaki. Isingenata angejaribu na thina, ikilainika kwa thina basi ni laka, ikikataa vyote ni vanishi. Jaribio hili fanya mwenyewe nyumbani kabla hujaenda kwa fundi yeyote, halina gharama na linakupa cha kuongea naye. Shelaki ni utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti kule India, unayeyushwa kwenye spiriti, na uzuri wake mkubwa ni kwamba ukipaka mpya inalainisha ya zamani zinashikana zinakuwa kitu kimoja, kwaiyo huna haja ya kukwangua ulichokikuta.

Alianza kwa kuosha, maji ya uvuguvugu, sabuni tone, kitambaa kimekamuliwa mpaka kinakaribia kukauka. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda namwangalia. Ule weusi nilioamini ni mbao kuzeeka ukaanza kutoka kwenye kitambaa, kumbe mwingi ni jasho la mikono na moshi na vumbi la miaka. Alafu stiliwaya ile laini kabisa na spiriti kidogo, anafuata nyuzi za mbao, hazikatizi. Alafu shelaki nyembamba kwa kifundo cha pamba kilichofungwa ndani ya kitambaa cha amerikani, anapitisha, anaacha, anapitisha tena, siku nne. Jani la nakshi lipo na mishipa yake yote. Na kwenye mkono wa kulia upo mviringo hafifu pale bibi alipokuwa anaweka kikombe, nilimwomba auache.

Sasa ubaya wa shelaki, nisikufiche. Haivumilii joto wala spiriti. Kikombe cha moto kinaacha duara jeupe. Mgeni mmoja alijipaka sanitaiza akaegemea mkono wa kiti, vidole vinne vikajichora. Lakini kurekebisha ilichukua dakika kumi, kitambaa, spiriti kidogo, shelaki kidogo, basi. Alama kama ile kwenye vanishi mara nyingi inataka msasa mkono mzima wa kiti. Kwaiyo shelaki inaharibika kirahisi na inatengenezeka kirahisi, vanishi inavumilia muda mrefu ila siku ikichoka unaanza upya, na kila ukianza upya unakula mbao. Kwa meza ya kulia chakula mimi binafsi ningechagua vanishi bila kujiuliza, masufuria ya moto na maji kila siku sio mchezo. Kwa kiti, kabati, fremu ya kioo, kitanda cha zamani, shelaki. Wapo wanaopaka mafuta ya kitani, yanatoa rangi nzuri tulivu na yanafaa, ila tambara ulilopakia usilikunje ukalitupa kwenye kona, linajipasha joto lenyewe mpaka linaweza kushika moto. Litandaze nje likauke au lizamishe kwenye ndoo ya maji.

Viungo sitavisemea sana. Kiti kikicheza tatizo karibu kila mara ni gundi iliyokauka kwenye ulimi na tundu lake, na dawa yake ni kukifungua, kukwangua gundi ya zamani, kuweka mpya, kukibana. Gundi ya zamani iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama inaachia kwa maji ya moto na mvuke, ndo maana viti vya zamani vinafunguka bila kuvunjika. Mzee hakuwa hata na klampu, alizungushia kamba, akaingiza kijiti akakinyonga mpaka kamba ikalia, akaacha hadi kesho yake. Cha kwanza kilipigwa misumari ya pembeni, kilitulia miezi sita kikaanza kucheza tena, na sasa kukifungua bila kuvunja ulimi ni kazi kwelikweli. Fundi akikushikia nyundo na msumari kabla hajashika gundi, mwambie asubiri.

Na vitobo vya wadudu, angalia unga. Gonga mguu juu ya karatasi nyeupe, ukidondoka unga mpya mweupe wapo ndani wanakula, ukidondoka vumbi chakavu la kijivu au usidondoke kabisa walishaondoka zamani. Usikubali kupakwa oili chafu ya gari hata kama ndo dawa ya wengi, inanyonywa na mbao, haikauki, itachafua kitambaa na hutapaka polishi ikashika tena.

Haya, kikalio chenyewe.

Kusuka henzirani kwa mkono kuna hatua saba na niliziona zote. Ufito unalowekwa kwenye maji kwanza uwe mlaini. Hatua ya kwanza nyuzi zinatoka nyuma kwenda mbele, ya pili kutoka ubavu hadi ubavu zikilala juu yake tu, ya tatu tena nyuma kwenda mbele juu ya zote, ya nne ndo anaanza kusuka chini juu, chini juu, na mpaka hapo unaona dirisha la miraba. Ya tano na ya sita ni za mshazari, kila moja na upande wake, na hapo ndo yale macho yenye pembe yanatokea ghafla, nakwambia ni kama mtu kawasha taa. Ya saba ni ufito wa pembeni unaofunika vitundu. Ule upande unaong'aa unakaa juu siku zote. Alipomaliza kikalio kilikuwa bado kimelegea kidogo nikaingiwa na wasiwasi, akacheka akaniambia nirudi kesho. Kesho yake kilikuwa kimekauka, kimekaza, ukikigonga kwa kucha kinalia kama dafu.

Kiswahili chenyewe kinaijua kazi hii tangu enzi. Tunasema kuwamba, kitanda cha kamba kinawambwa, ngoma inawambwa ngozi. Ukivuta uzi ukautandika kwenye fremu ya mbao unafanya kazi ambayo pwani hii imeifanya kwa ukindu na kwa kamba za makumbi kabla sponji haijafikiriwa. Na sababu ni hali ya hewa, hewa inapita chini yako. Machi hapa Dar, kabla mvua hazijashuka, nikikaa kile cha reksini dakika ishirini shati limeganda mgongoni na mapaja yamenata, nikihamia kwenye henzirani nasikia feni inanifikia hadi chini. Kwa hilo hakuna ushindani.

Ila kwa ulaini ni kinyume, na kwa watu wengine hilo ndo muhimu. Baba yangu ana shida ya magoti. Sponji iliinua kikalio kama sentimita kumi, kwaiyo anainuka mwenyewe bila kushikwa mkono, na kile kiti akija ni chake. Kwa mimi hizo sentimita kumi zimekiharibu, mikono imekuwa chini mno, viwiko vinaning'inia, seremala aliipima mikono ile kwa kikalio kilichokuwa chini. Lakini nikimwona baba anavyoinuka sina la kusema. Ningekuwa najua, ningempa huo huo urefu kwa mto mnene wenye kamba za kufungia nyuma, chini yake henzirani ikabaki salama.

Uimara, henzirani ikitunzwa inakaa miongo, ile ya bibi ilikuwa imeshatumika kabla haijafika kwa babu. Kinachoiua ni kupandwa kwa miguu au magoti, uzito wote sehemu moja, na ukavu, jua kali la moja kwa moja au kiyoyozi kinachowaka mchana kutwa vinaifanya iwe kavu inakatika kama tambi. Unyevu wa pwani unaisaidia. Ikilegea bila kukatika usikimbilie kusuka upya, pindua kiti, loweka taulo kwenye maji ya moto, likamue, lilaze upande wa chini ule usiong'aa mpaka henzirani inywe maji, alafu acha ikauke yenyewe kivulini siku nzima bila mtu kukaa. Inajikaza. Mimi nafanya kama mara moja kwa mwaka. Sponji yangu kwa upande wake ilibonyea katikati ndani ya miaka mitatu, na sponji iliyobonyea hairudi, inabadilishwa.

Kuna na njia ya tatu, waya za plastiki zinazofanana na henzirani. Bei ndogo, hazijali mvua, kwa viti vya barazani nje naziunga mkono kabisa. Kwa kiti cha ndani cha zamani hapana, zinateleza, hazinywi maji wala hazijikazi, na zikilegea zimelegea.

Bei na muda vilikuwaje. Sponji na reksini siku tatu, kiti kimerudi na bajaji. Henzirani na shelaki wiki tatu, na nililipa karibu mara tatu ya ile ya kwanza ukiacha nauli ya kukisafirisha. Sehemu kubwa ya hela ni mikono yake, siku nzima mtu ameinama. Kwa hiyo kama una seti ya viti sita suka viwili viwili, usijibane ukaishia kukubali plaiwudi kwa vyote.

Sasa nyie wenye kochi la zamani la kweli, lile la mikanda ya gunia, springi na kujazwa. Hapo kujaza upya ndo sahihi, swali ni kujaza nini. Kwanza wakati wa kulifungua vaa barakoa, vumbi la humo sio la kuvuta, piga picha kila tabaka linavyotoka, na kitambaa cha zamani usikitupe, kinatumika kama patani ya kukatia kipya. Pia pekua. Kwenye mito ya bibi, ndani ya sufi, nilikuta pini ya nywele na senti tano, ile ya pembe kumi na mbili yenye samaki upande mmoja na Mwalimu upande wa pili. Sijui iliingiaje mle, nimeiweka kwenye droo.

Springi za kuzunguka zile za zamani mafundi wengi watakwambia zimekufa, watoe waweke sponji tupu au zile springi za nyoka nyoka. Mara nyingi chuma ni kizima, kilichooza ni kamba zilizokuwa zinazifunga na mikanda ya chini. Kila springi inafungwa kamba pande nane ikae wima isilale, mikanda mipya inavutwa kwa nguvu, na kochi linarudi kuwa na ule mdundo wake. Ni kazi ndefu, muulize fundi kama amewahi kuifanya na akuonyeshe aliyoifanya, sio akwambie tu anaijua.

Juu ya springi, makumbi yaliyochambuliwa yanakaa vizuri kama tabaka la kwanza, ni magumu kidogo, yanapitisha hewa, hayabonyei haraka. Sufi ni laini na nyepesi, lakini inashikana madonge, inabidi mito ianikwe juani na kupigwa pigwa, na bila kitambaa cha kufumwa kwa karibu inatoka nje inaenda kwenye pua za watu. Sponji ni rahisi, safi, inapatikana kila kona, tatizo watu wananunua kwa unene badala ya uzito. Sponji nene nyepesi inakuvutia dukani na kukuangusha baada ya mwaka. Ya kukalia ulizia ya kilo 30 kwa mita ya ujazo kwenda juu, inyanyue mkononi na ile ya bei poa utasikia tofauti, ibonyeze kwa ngumi uone inarudi haraka au inajivuta. Mimi kochi la kukaliwa kila siku ningeweka makumbi chini, sponji nzito katikati na tabaka la pamba juu, alafu amerikani kabla ya kitambaa chenyewe, ili siku ya kubadilisha kitambaa usifungue tumbo lote.

Kitambaa kwa ufupi. Joto letu linataka pamba nzito au kanvasi. Mahameli inapendeza kwenye mbao nyeusi ila inashika vumbi. Reksini inafutika, watoto na chai havina shida nayo, ila nimeshakwambia habari ya jasho na kuchanika. Kitenge na kanga ni vyepesi kwa kikalio, vitavutika vipasuke kwenye kona, viweke kwenye mito midogo ya kuegemea. Kiti kimoja cha kujazwa chote chenye mikono kinakula kama mita tano hadi sita za kitambaa cha upana wa sentimita 140, na kama kina maua makubwa au mistari ongeza, maua yanatakiwa yakutane katikati.

Kuna mwenzangu aliniuliza kuhusu kiti cha enzi, vile vya mpingo vya Lamu na Siyu, vyenye mapambo ya mifupa au pembe za ndovu na paneli za kamba zilizowambwa. Ndugu, hicho usikipeleke kwa fundi makochi hata kwa dakika moja, wala usikiwekee sponji. Kama unakaa jirani na makumbusho, iwe Lamu au Fort Jesus Mombasa, waone wahifadhi uwaulize kwanza. Na kama kina pembe ya ndovu, jua kwamba biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku na nchi za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, mwaka 1989, kwaiyo hata kukituma kwa shangazi yako Muscat au London bila vibali ni kujitafutia kesi.

Kwangu limebaki benchi la watu watatu la seti ile ile, liko stoo, henzirani yake yote imekwisha, ila vitundu nimevihesabu vyote vizima. Wajukuu wa dada yangu ndo watakaolikalia, na nawajua, watasimama juu yake. Kwaiyo mbao itaenda Tanga ikaoshwe na kupakwa shelaki, na kwa kikalio nimeshaongea na seremala anikatie plaiwudi nyembamba itakayokaa ndani ya fremu juu ya vibao vidogo vinne vilivyobanwa kwa skrubu upande wa ndani kabisa, mbali na vitundu, juu yake mto wa sponji nzito uliovalishwa kanvasi ya kuvua na kufua. Hamna msumari hata mmoja utakaogusa ule mstari. Watoto wakishakua, natoa mto, natoa ubao, nalipandisha basi la Tanga.